Nilivyomwacha Badriya kwa Ajili ya Golikipa

Badriya, mke wangu wa miaka thelathini na nane, aliachika siku ya Jumanne baada ya asri, jikoni kwake, anachambua mchele. Yeye alijua. Mie niliyemwacha sikuwa na habari. Nilikuwa majlisi, chumba cha wageni, nimejinyoosha, natazama marudio ya mechi ambayo nilishaiona mara mbili na matokeo yake nayajua.

Nikihadithia kisa hiki watu hudhani natia chumvi. Sitii. Chumvi ilikuwemo ya kutosha tokea mwanzo, na aliyeitia ni mie mwenyewe.

Jina langu Mahrous. Nilizaliwa Unguja, Vikokotoni, nikaletwa Omani na umri wa miaka kumi na minne, tukakaa Ibra, nikafanya kazi ya ukarani kwenye stoo ya vitabu vya skuli mpaka nikastaafu. Ni mtu wa kawaida kabisa, ila nina maradhi mawili. Ya kwanza ni hoki, mpira wa magongo. Ya pili ni mdomo.

Hoki nimeirithi kwa marehemu baba, aliyekuwa akiicheza Unguja zamani. Gongo lake ndicho kitu pekee alichokuja nacho huku mbali na nguo. Lakini msinidhanie mchezaji. Nilicheza mechi moja tu maishani, nayo kwa dakika kumi na mbili: nilijipiga gongo kwenye kifundo cha mguu wangu mwenyewe, nikatolewa nimebebwa, na refa akawa anauliza nani kanichezea rafu. Tokea siku hiyo nikaona kipaji changu ni kushauri.

Nawashauri Nakhil, timu yetu ya Ibra. Timu ina kundi la WhatsApp lenye watu mia na tisini, na kila baada ya mechi mie hutuma sauti. Maandishi siyataki, hayachukui hasira. Tulipopita robo fainali mwaka huu nilituma sauti ya dakika kumi na moja, nikamsema kocha, nikamsema refa, nikamsema na mtu aliyekaa mbele yangu na mwavuli. Binti yangu Shahad akanambia, "Baba, watu wanakusikiliza kwa spidi. Sauti yako inakuwa kama kuku." Nikamwambia wenye akili watasikiliza polepole.

Sasa kuna hili jambo la viapo. Sisi tuliotoka Unguja, nyumbani kwetu hatukuwa na mtindo wa kuapa kwa talaka. Mie nimejifunzia hapa, kwenye vikao vya kahawa. Wazee wa zamani wa Ibra, mmoja wao akitaka usiondoke bila ya kula, husema, "Talaka juu yangu, huinuki hapo mpaka ule." Nawe unakaa unakula, maana nani anataka kuvunja nyumba ya mtu kwa sahani ya wali? Mie nilipofika hapa na Kiarabu changu cha kubabaisha, vijana wenzangu wakinicheka, nikaona hapo ndipo penye uanaume. Nikaapa kwa talaka mtu anywe kikombe cha tatu. Nikaapa kwa talaka kwamba kesho itanyesha mvua, na namshukuru Mungu ilinyesha. Wenyeji wenyewe walikuwa wakiapa kwa kipimo, na wengi wao sasa wameacha kabisa. Mie, kama kila mgeni anayetaka aonekane mwenyeji, nilizidisha. Miaka yote Badriya akinambia, "Mahrous, mie si kitu cha kuapia." Nami nikimjibu kwamba hayo ni maneno tu.

Nusu fainali ilichezwa Jumapili. Tulishinda moja bila, na aliyetushindisha ni golikipa wetu, Nadhir. Kijana wa miaka ishirini na nne, mrefu, mkimya, siku za kazi anaendesha magari ya watalii kwenye mchanga wa Bidiya, kibarua cha msimu. Siku ile alizuia kila kitu. Nilirudi nyumbani naimba, na sauti niliyoituma ilikuwa ya sifa tupu. Jumatatu asubuhi mtu akaandika kundini kwamba msimu ujao Nadhir anahamia Sur, klabu ya huko imemwita akatie saini.

Hasira zikanipanda. Sikuuliza ni kweli au uongo, hata kikombe cha chai sikukitua. Nikabonyeza pale pa kusemea, nikasema Nadhir ni mtoto wa Ibra, na Sur wakitaka golikipa wakamvue baharini. Khalafu nikasema maneno ambayo nayakumbuka vizuri, kwa sababu tokea siku hiyo nimeshasomewa mara nyingi: "Talaka juu yangu! Nadhir akitia saini Sur, Badriya kaachika!"

Nikaachia kidole, sauti ikaenda zake.

Watu mia na tisini, hakuna aliyeandika hata herufi moja. Nikataka kuifuta, na miwani sinayo, nikabonyeza neno la mwanzo nililoliona. Ikatoweka, nikashusha pumzi. Shahad akatoka chumbani mbio, simu mkononi. "Baba, umefanya nini? Umefuta kwako peke yako! Sisi sote bado tunayo!"

Badriya hakuwepo. Alikwenda nyumba ya tatu kutoa mkono wa taazia, na huko ndiko alikonisikia, kwenye simu ya mwanamke aliyekaa mbele yake. Na yule mwanamke alikuwa ameweka spidi. Mke wangu kasikia anaapiwa talaka kwa sauti ya kuku, mbele ya wafiwa.

Akarudi, akavua buibui, akalikunja vizuri. Mie nilishajitayarisha kwa kelele, kelele naziweza. Akaniuliza taratibu, "Nadhir ndiye nani?"

"Golikipa."

"Simjui."

"Mzuri sana, Badriya. Nusu fainali ile, kona fupi zote..."

"Miaka thelathini na nane, Mahrous," akanikata. "Nimekuzalia. Nimekuuguza. Mama yako kafia mikononi mwangu. Leo umenitundika kwenye goli la mtu hata sura yake siijui."

Nilitaka kusema ni maneno tu. Niliona haya, wallahi, niliona haya mpaka masikio yakawaka moto. Lakini mie haya zangu hugeuka hasira kabla hazijanifaa kitu, basi nikasema kwa ukali kwamba Nadhir haendi popote, na mie mwenyewe nitahakikisha.

Jumanne asubuhi nikaendesha mpaka Bidiya. Nadhir nilimkuta kapiga magoti anapunguza upepo kwenye matairi, maana gari haliendi mchangani na matairi yaliyojaa. Aliponiona akainuka, akajipangusa mikono. "Shikamoo, ami Mahrous." Mama yake mtu wa Pemba, kijana kalelewa vizuri. Akanisikiliza mpaka mwisho. Nikampa sababu zote: Ibra, jezi, wazee, marehemu babu yake ambaye mie hata sikupata kumwona. La talaka sikulitaja, lakini alikuwa nalo usoni. Na yeye yumo kundini.

"Ami," akasema, "Sur hawakuniita kwa mpira tu. Wamenipatia kazi. Kazi ya kudumu, kiwandani. Miaka minne naingoja. Nimeposa, na wakwe wananingoja mie niwe na kazi." Akatazama matairi yake. "Lakini wewe mzee wangu. Ukinambia baki, nabaki. Sitaki nyumba yako ivunjike kwa sababu yangu."

Hapo ndipo pa kunijua mie ni mtu wa namna gani. Mwenye haya angesema, nenda mwanangu, kosa ni langu. Mie nikasema, "Baki." Hata sikusita. Nikampiga bega, nikamwambia Mungu atamfungulia mlango mwengine, nikaondoka na redio juu. Nilipofika nyumbani nikamwambia Badriya kama mtu aliyetoka vitani, "Nshayamaliza! Nadhir habanduki. Wewe bado mke wangu."

"Umeyamaliza vipi?"

Nikamhadithia yote, kazi, posa, miaka minne, matairi, kwa majivuno, nangojea chai. Badriya akanitazama. Kisha akaomba namba ya yule kijana, ati anataka kumshukuru. Nikampa, nikaenda majlisi kutazama marudio yangu.

Yaliyotokea jikoni nimehadithiwa na Shahad. Badriya alikaa na sinia la mchele mapajani, akapiga simu. "Mwanangu Nadhir, mie ndiye Badriya wa kwenye sauti. Nenda katie saini." Kijana akababaika. "Nenda leo," akamwambia. "Usiache riziki yako kwa ajili ya mdomo wa mzee." Nadhir akamuuliza, "Na wewe je, khalati?" Akamjibu, "Mie najua pa kukaa." Baada ya asri ikaja picha kundini, Nadhir na kalamu mkononi. Badriya akaitazama, akaiweka simu chini, akamalizia mchele wake. Ndipo alipokuja majlisi, kajitanda buibui kama anaingia kwa mgeni, akasema, "Nshaachika. Kuanzia leo wewe utalala hukuhuku."

Nilikwenda kwa sheikh. Mzee wa watu, hana habari ya michezo, akaniuliza hoki ni kitu gani. Nikamweleza. Akaniuliza tena, akidhani hakunisikia. Mwisho akasema sharti limetimia, talaka moja imepita. Ninayo miezi mitatu ya kumrejea, na iwe mbele ya mashahidi wawili. "Na yeye lazima akubali?" nikauliza. "Sharia haikulazimishi kumuuliza," akanijibu, "lakini ningekuwa mie, ningemuuliza."

Mie niliishika ile nusu ya mwanzo tu. Nikawakamata watu wawili wa kwanza niliowakuta nje ya msikiti, nikawaburura mpaka mlango wa jikoni kwangu, nikakohoa. Badriya hakutoka. Alisema kutoka ndani, wala hakupandisha sauti. "Mahrous, kunirejea unaweza, sharia imekupa. Lakini uliniacha bila ya kuniuliza. Ukinirejea bila ya kuniuliza, utapata mtu wa kukupikia. Mie mwenyewe sitokuwemo."

Wale mashahidi wakawa wanatazama viatu vyao. Nikawaambia wende zao, na wakaondoka haraka kuliko walivyokuja. Nililia siku ile, majlisi, juu ya godoro la wageni. Nililia kwa sababu niliogopa kumkosa Badriya, na niliogopa kwelikweli. Na kidogo nililia kwa sababu ya lile godoro. Miaka yote nikiwalaza wageni nikidhani ni zuri.

Siku kumi sikutuma sauti. Kundini mtu akauliza kama bado niko hai, na mwengine akamjibu asiulize, tusije tukaharibu. Fainali ilipangwa Ijumaa baada ya asri, Nizwa, na hao hao Sur. Saini ya Nadhir ilikuwa ya msimu ujao, kwa hivyo siku hiyo angetuchezea sisi kwa mara ya mwisho. Nikasema mie siendi. Badriya akasema yeye anakwenda. "Nataka nimwone huyo niliyeachwa kwa ajili yake," akasema, na maishani mwake hajapata kukanyaga uwanja.

Tulipelekwa na kaka yake, Shihab. Yeye mtu wa mashindano ya ngamia, mchezo wowote wenye watu huuona wa kitoto. Badriya akakaa mbele na kaka yake. Mie nikatiwa nyuma na Shahad na kapu la chai, na mpaka Nizwa hakuna aliyenisemesha.

Uwanjani walikuwa wanarusha maji juu ya nyasi za bandia, maana mpira wa hoki haukimbii kwenye nyasi kavu. "Zulia hilo wanalimwagilia la nini?" Badriya akauliza. "Litaota?" Shihab akasema mitende yake inangoja zamu ya maji ya falaji, mfereji wa mashamba, tokea juzi. Nilikuwa na maelezo, nayo marefu, lakini nilishajiwekea ahadi kwamba mechi nzima sifumbui mdomo. Nikachukua ncha ya kilemba changu nikaibana kwa meno.

Aliyefumbua mdomo ni Badriya. Kipindi cha kwanza aliuliza nani ni nani, na yupi ndiye Nadhir, nikamwonyesha kwa kidole yule aliyevaa magodoro ya miguuni na kofia ya chuma. Kipindi cha pili akauliza kwa nini refa anampigia filimbi yeye tu. Kipindi cha nne alikuwa kasimama, buibui limemshuka mabegani, anapiga kelele, "Kulia, Nadhir mwanangu! Angalia huyo, anayepiga kwa mkono wa kushoto!" Kwenye hoki hakuna gongo la mkono wa kushoto. Sikumsahihisha. Nilitafuna kilemba.

Mbili kwa mbili mpaka mwisho. Tukaingia kwenye mikwaju, na mikwaju ya hoki si ya kusimama ukapiga: mchezaji huja mbio na mpira kutoka mbali, ana sekunde nane za kumpita golikipa. Wakapishana, mmoja wetu mmoja wao, mpaka akabaki mtu wa mwisho wa Sur. Nadhir akimzuia, tunaendelea. Akifungwa, kombe lao.

Badriya akanikamata mkono wa kanzu. Siku kumi hajanigusa hata kwa bahati mbaya. "Mahrous," akasema, macho yake uwanjani, "wallahi huyu mtoto akiuzuia huu mpira, mie..."

Nikakitema kilemba. "Usiseme!" Shihab aliruka kwenye kiti kwa ukelele wangu. "Badriya, nakuomba, usiseme! Usiniweke mie rehani kwa golikipa!"

Akageuka. Pale ndipo nilipojua alivyokuwa yeye siku ile kwenye taazia, kukaa ukasikia maisha yako yanangojea mtu mwengine arushe mguu. Nikamtazama. Naye akanitazama. Uwanja mzima ukapiga kelele sisi tumetazamana. Mie, Mahrous, mtu wa dakika kumi na moja, kwenye fainali, bao sikuliona.

"Mumefungwa," akasema Shihab.

"Ulitaka kusema nini?" nikamuuliza Badriya.

"Sikwambii."

"Basi nikuulize mie. Badriya, utanirudia? Ukikataa, umekataa. Nyumba itabaki yako, mie nitatafuta pa kukaa, na sitomtuma mtu wala sitoapa. Nakuuliza tu."

Akalivuta buibui lake juu ya kichwa, akalitengeneza, akachukua muda wake. Watu wa Sur walikuwa wanaimba upande wa pili.

"Mashahidi unao?" akauliza.

Shihab alikuwa mmoja. Wa pili alikuja mwenyewe, anatembea kwa shida na yale magodoro ya miguuni, kofia kwapani, macho mekundu. "Nisamehe, khalati. Nimefungwa."

"Wewe umecheza vizuri," Badriya akamwambia, mara ya kwanza kumwona uso. "Simama hapo kando ya kaka yangu. Huyu mzee ana la kusema."

Nikasema, "Nimemrejea mke wangu Badriya, kwa ridhaa yake." Shihab akasema anashuhudia. Nadhir akasema anashuhudia, mikono bado imo kwenye glovu, jasho linamtiririka puani.

"Bado," akasema Badriya. "Uliniacha mbele ya watu mia na tisini."

Nikatoa simu. Nikabonyeza pale pa kusemea. Nikasema, "Jamani, Mahrous huyu. Nilimwendea Nadhir nikamwambia aache kazi aliyoingoja miaka minne, ili mie nisipate aibu ya mdomo wangu, naye angeiacha. Aliyemwambia aende ni Badriya, na yeye ndiye aliyekuwa anaachika. Leo nimemwomba anirudie, kakubali. Kuapa nimeacha. Hoki sijaacha." Nikaachia kidole. Ilikuwa nusu dakika tu. Badriya akanyoosha mkono, akaichukua ile simu, akaitia mkobani mwake, ati nisije nikaifuta.

Kwenye gari Shihab alimfungulia dada yake mlango wa mbele. Badriya akampita. "Shahad, kakae mbele na mjomba wako," akasema. Akaingia nyuma, akalishusha kapu la chai miguuni, akakaa ubavuni kwangu.

Tulipokaribia Izki akanambia kwamba msimu ujao tutakuwa tunakwenda Sur kumshangilia mwanawe Nadhir, hata siku atakayocheza na Nakhil. Mdomo ukanifunguka wenyewe. Nikaitafuta ncha ya kilemba, nikaibana kwa meno, nikaitikia kwa kichwa.